Kushika Tama Hakumo Kwenye Fomu

Mtoto wa kwetu akiegemeza shavu kwenye kiganja, mama yake humkemea: "Acha kushika tama, utatuletea msiba!" Mama huyo hakufundishwa na daktari. Anajua, kama alivyojua bibi yake, kwamba mkono ukipanda shavuni basi pana jambo zito moyoni. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya shughuli ambayo kwa mbali yaonekana kuwa ya makarani na watu wa takwimu peke yao, nayo ni namna ya kupima huzuni iliyokwisha kugeuka ugonjwa, ule ambao wataalamu wetu wameuita sonona. Shughuli hii ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita mlangoni petu hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mtafiti mmoja kwa jina Paul Bolton alikwenda vijijini katika nchi hiyo akifanya kazi na shirika la World Vision. Hakuanza kwa kusoma maswali ya fomu. Alianza kwa kuwauliza wenyeji: mauaji yale yameacha matatizo gani katika akili na mioyo ya watu? Wakamtajia kitu wanachokiita agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Akauliza dalili zake. Wakasema mtu hujitenga na wenzake, huacha kujitunza, huchoka na kuishi. Na wakasema huzika shavu lake katika kiganja. Naam, kushika tama! Hakuna fomu ya Ulaya wala Marekani iliyokuwa na dalili hiyo, lakini Mnyarwanda aliitaja bila kudokezwa, na Mswahili wa Tanga au Kigoma angeielewa pale pale.

Yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa zamani. Katika miaka ya 1940 Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Humo alieleza kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, kwa kuwa Mwafrika, kwa maoni yake, hana ule moyo wa kujiona mwenye dhamana binafsi na kujilaumu. Mwaka uliofuata bwana huyo huyo aliiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya taarifa juu ya saikolojia ya Mau Mau, kwa hiyo msikilizaji anaweza kupima mwenyewe upepo uliokuwa ukivuma.

Lakini tuache hasira, tutazame hesabu. Carothers alihesabu watu gani? Alihesabu walioletwa hospitali. Na katika enzi ile nani aliletwa? Yule aliyevunja vitu, aliyepiga watu, aliyetembea uchi sokoni hadi chifu au polisi wakachoka naye. Kwetu Tanganyika palikuwa na Lutindi katika milima ya Usambara, na kuanzia mwaka 1927 pakawa na Mirembe, Dodoma. Ni nani wa Karagwe angefungiwa safari ya kwenda Mirembe kwa sababu amekaa ndani, haongei, hapiki, halimi, na usiku hapati usingizi? Mtu wa namna hiyo hasumbui serikali. Alibaki nyumbani chini ya migomba, na kwa kuwa hakufika mbele ya daktari, daktari akaandika kwamba hayupo.

Waliokwenda kumtafuta walimkuta. Mwaka 1960 Margaret Field, aliyefanya kazi Ghana, alitoa kitabu juu ya watu waliokuwa wakienda kwenye mahekalu ya jadi huko Ashanti. Alikuta wanawake wengi waliozama katika huzuni, na zaidi ya hayo wakijituhumu wenyewe kwamba ni wachawi. Kumbe Mwafrika hujilaumu, tena vikali. Karibu na kwetu, John Orley alifanya kazi Uganda, na mwaka 1979 yeye na mwenzake Wing wakachapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Waganda, uliofanywa kwa maswali yaliyotiwa katika Kiganda. Walipolinganisha wanawake wa vijiji hivyo na wale wa Camberwell, mtaa wa London, sonona ilionekana zaidi Uganda. Huo ndio ukawa mwisho wa hoja ya Carothers, ingawa hoja za namna hiyo hufa polepole.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Kipimo maarufu duniani cha sonona ya wazazi, kile chenye maswali 10 kinachoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, kilichapishwa mwaka 1987 na John Cox na wenzake. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, Cox alikuwa Uganda. Alichunguza wanawake 263 wa upande wa Kampala, akaandika pia juu ya amakiro, ugonjwa ambao Waganda wanaujua kuwa humpata mwanamke aliyejifungua. Baadaye aliwalinganisha wanawake wa Uganda na wale wa Uskoti. Kwa hiyo mkunga wa leo anayepewa fomu ya Edinburgh kana kwamba imeshuka kutoka Ulaya asidhani kwamba Afrika haikuwa na mkono wake humo.

Sasa tuje kwenye fomu zenyewe. Ile iliyotumika sana katika pande zetu ilianzia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Toleo lake la maswali 25 lilipata sifa mwaka 1987 pale Richard Mollica na wenzake wa Boston walipolitumia kwa wakimbizi wa Vietnam, Kampuchea na Laos. Kila dalili hujibiwa kwa ngazi nne, kuanzia hapana kabisa hadi sana mno, kisha hutafutwa wastani. Aliyepita alama ya mpaka huhesabiwa kuwa huenda anaumwa. Fomu nyingine, iliyochapishwa mwaka 2001, ina maswali tisa tu na siku hizi imeenea hadi kwenye zahanati.

Tuseme karani wa utafiti, kijana aliyemaliza chuo, amefika na fomu hizi katika kata ya Kituntu, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Amepita kwa mtendaji wa kata, amepewa mwenyeji, ameingia kwenye shamba la migomba na mibuni, amemkuta bibi kakaa kibarazani. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, karibu." Anatoa karatasi. Swali moja linataka kujua kama bibi amekuwa akishindwa kutuliza mawazo, kwa mfano anaposoma gazeti au kuangalia televisheni. Bibi hajawahi kuwa na televisheni na macho yake hayasomi tena. Atajibu hapana, na kwa upande wa lugha atakuwa amesema kweli, ijapokuwa juzi alisahau maharage jikoni hadi yakaungua.

Swali jingine, katika Kiingereza chake, humwuliza mtu kama anajisikia rangi ya buluu. Kwa Mwingereza buluu ni huzuni. Ukilitafsiri neno kwa neno utachekwa. Ukiweka "huzuni" umeokoka, lakini bado hujajua kama bibi wa Kituntu akizidiwa husema ana huzuni, au husema moyo unamuuma, au kichwa kimejaa mawazo, au mwili hauna nguvu. Swali la tatu linauliza juu ya hamu ya tendo la ndoa. Bibi ni mjane, na anayeuliza ana umri wa mjukuu wake. Hapo fomu imekwisha, hata kama karani ataendelea kujaza visanduku hadi ukurasa wa mwisho.

Halafu kuna hamu ya kula na uchovu. Anayelima kwa jembe la mkono tangu alfajiri amechoka. Je, ni ugonjwa? Na asiyekula kwa sababu chakula hakipo amepoteza hamu ya kula?

Wataalamu walikuwa na dawa ya zamani kwa tatizo la tafsiri. Mmoja hutoa maswali katika Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili, mwingine ambaye hajaiona asili huyarudisha katika Kiingereza, kisha hulinganishwa. Ni kazi nzuri na yafaa ifanywe. Lakini kwenda na kurudi huko hupima watafsiri, hakupimi wagonjwa. Maneno yanaweza kurudi salama Baltimore huku bibi wa Kituntu bado hajaulizwa kinachomsumbua.

Ndipo kazi ya Rwanda inapopata uzito wake. Bolton na wenzake walikabiliwa na swali gumu: fomu hii tumeirekebisha, tutajuaje kwamba inapima kitu cha kweli? Kwa kawaida mtu hupimwa kwa fomu, kisha huonwa na daktari wa magonjwa ya akili asiyejua alama alizopata, na majibu mawili hulinganishwa. Lakini vijijini Rwanda daktari huyo alikuwa wapi? Wakageukia wajuzi waliokuwapo, yaani majirani. Watu wa kijiji waliombwa wamtaje aliye na agahinda gakabije na asiye nayo. Mhusika mwenyewe naye akaulizwa, kando, kama anayo. Pale jirani na mhusika walipokubaliana, pakapatikana kundi la wanaoumwa kwa kipimo cha nyumbani na kundi la wasioumwa. Fomu ikifanya kazi, alama za kundi la kwanza lazima ziwe juu kuliko za kundi la pili, na zilikuwa juu. Baada ya hapo ndipo watu wazima 368 walipohojiwa, na asilimia 15.5 wakaonekana kuwa na sonona.

Mwaka 2000 njia hiyo ilipelekwa Rakai na Masaka, kusini-magharibi mwa Uganda, nchi ambayo UKIMWI ulikuwa umeifyeka kama ulivyoifyeka Kagera. Mtu anayejua ramani atanielewa: Rakai ya wakati huo ilipakana na mkoa wetu wa Kagera. Huko watu walitaja hali mbili. Ya kwanza ni ya mtu anayejichukia mwenyewe, wanaiita yo'kwekyawa. Ya pili ni ya mtu anayejihurumia na kujililia, okwekubazida. Fomu ya Hopkins ikarekebishwa kwa mwanga huo, watu 587 wakahojiwa, na asilimia 21 wakakutwa na sonona.

Lililonivutia zaidi katika kazi hiyo ni swali la pili waliloongeza: mtu huyu anashindwa kufanya nini? Hawakuazima orodha ya kazi kutoka ng'ambo. Waliwauliza wanawake ni shughuli gani zinamfanya mwanamke aonekane anajimudu, nao wakataja kulea watoto, kupika, kufua, kulima chakula, kwenda mikutanoni, kuwafariji waliofiwa. Wanaume wakataja kulima, kuongoza nyumba, kuipangia familia mambo yake, kushiriki mazishi. Hebu fikiri, msikilizaji: kushindwa kwenda mazishini kumeingia katika kipimo cha ugonjwa! Kwa mtu wa Leeds au Baltimore hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa mtu wa Masaka, na wa Kituntu pia nadhani, asiyefika msibani kwa jirani ama ni adui, ama ni mgonjwa.

Kipimo hicho hakikuwekwa kabatini. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, waliokutwa na sonona waligawanywa kwa vijiji kwa bahati nasibu. Vijiji vingine vikapewa vikundi vya mazungumzo kila wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, vikiongozwa na watu wa hapo hapo waliofunzwa kwa wiki mbili, wasio madaktari. Mwishoni waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyopewa walikuwa asilimia 54.7. Miezi sita baadaye tofauti ilikuwa bado kubwa, asilimia 11.7 kwa 54.9. Bila kipimo kilichothibitishwa, hakuna ambaye angejua kama mazungumzo yale yalisaidia au yalipitisha wakati tu.

Upande wa Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa kuwa Muhimbili madaktari wa akili wapo. Sylvia Kaaya na wenzake waliichukua fomu ya Hopkins katika Kiswahili na kuijaribu kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Wanawake 100 kati yao walihojiwa pia kwa mahojiano kamili ya kitabibu. Alama ya mpaka haikuazimwa kutoka Marekani, ambako 1.75 ndiyo iliyozoeleka. Ilitafutwa upya hapa hapa. Mwaka 2002 matokeo yalichapishwa: kati ya kila wagonjwa 100 wa kweli, fomu iliwakamata 89, kati ya kila wazima 100, iliwaacha huru 80.

Tuzitazame namba hizo kwa jicho la mtu wa mtaani. Wagonjwa 11 wamepita bila kuonekana. Wazima 20 wameambiwa huenda wanaumwa. Ukishusha mpaka, utawakamata wale 11 lakini utawatisha wazima wengi zaidi. Ukiupandisha, wazima watalala usingizi, na wagonjwa wengi watarudishwa nyumbani. Hakuna mahali ambapo hakuna anayeumia, na ndiyo sababu mpaka huo usiachiwe mtu wa mbali aupange.

Na kuumia huku si maneno. Wanawake wapatao elfu moja wa Dar es Salaam wenye virusi walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na taarifa iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walipata dalili za sonona angalau mara moja, na waliokuwa na dalili hizo walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Fomu iliyokosea kumwona mtu imemwacha katika hatari hiyo.

Kaaya na wenzake hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walitoa kipimo cha maswali 19 kilichotengenezwa hapa nchini na kubeba jina la Dar es Salaam. Kule Harare, Vikram Patel alikwisha kufanya jambo la jamaa moja mwaka 1997, kwa fomu ya maswali 14 iliyotokana na maneno ya Washona wenyewe, likiwamo kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mswahili anayesema "nina mawazo" hahitaji kamusi ya Kishona. Aidha, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hapa Dar es Salaam matatizo haya ya kawaida ya akili yalikuwa kwa asilimia 24 ya waliokwenda vituo vya afya, na asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Watu wana njia yao ya kutafuta msaada. Swali ni kama fomu inafuata njia hiyo.

Basi Kituntu iko katikati ya yote hayo. Magharibi yake, ng'ambo ya Mto Kagera, ni Rwanda. Kaskazini ni Uganda. Na Dar es Salaam ndiko zinakochapwa fomu. Mtu anaweza kusema: kwa nini tuhangaike, si tuchukue ile ya Dar es Salaam, iko katika Kiswahili? Nami nasema Kiswahili cha Muhimbili kwa bibi wa Kituntu ni lugha ya shule na ya mkutano wa hadhara. Akilia, hulia kwa Kinyambo. Karani asipopewa maswali ya Kinyambo atayatafsiri kichwani mwake hapo kibarazani, na makarani kumi watatoa tafsiri kumi. Hapo ndipo umuhimu wa kumrudia mtu yule yule siku ya pili kwa karani mwingine na kuona kama majibu yanafanana.

Wala sisemi kwamba njia ya majirani ni timilifu. Jirani humwona anayeshika tama. Mwanamume anayezamisha huzuni yake katika rubisi kila jioni, akicheka kuliko wote kilabuni, jirani atamwita mlevi. Mkoa wa Kagera ulipata kujulikana duniani kwa kicheko, pale mwaka 1962 wasichana 95 kati ya 159 wa shule ya Kashasha waliposhikwa na kicheko kisichokoma. Hakuna aliyedhani kicheko kile kilikuwa furaha. Tena kijiji kina chuki zake, na mtu anaweza kutajwa mgonjwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Na yuko aliyefiwa juzi: huyo ana haki ya kulia, asiandikiwe ugonjwa kabla ya matanga kwisha.

Limebaki swali la tisa, la mwisho katika ile fomu fupi. Linauliza kama mtu amewaza kwamba heri afe, au amewaza kujidhuru. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza, katika kifungu cha 217, ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na kijijini ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo wengi watajibu hapana. Lakini tuseme bibi amejibu ndiyo, saa kumi na moja jioni, karani yuko peke yake na hospitali iko Nyakahanga. Anayetayarisha fomu ya Kituntu aandike kwanza, kabla haijapigwa chapa, ni nani atakayeitwa saa hiyo, na ataletwa kwa pikipiki ya nani.